Kijerumani cha Maiti

Jumatatu, 4 Machi

Mpwa wangu amesema mtu anayejifunza lugha kwa filamu ni lazima aandike kila siku alichokisikia. Nikamwambia kichwa changu hakijawahi kuvuja. Akacheka, akaliacha daftari hili juu ya cherehani yangu, akaenda zake. Haya, naandika. Ila ieleweke kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Mimi ni fundi wa makochi. Mtaa huu na mitaa ya jirani, ukimwona mtu amekaa vizuri, jua amekalia kazi yangu. Kijerumani nilikianza ujanani, nilipofanya kazi na mainjinia waliotoka Ujerumani kuja kufunga mashine kwenye kiwanda cha nguo. Walikuwa hawakazi nati bila kunitazama usoni kwanza. Mkubwa wao siku ya kuondoka alinishika mabega akalia mpaka miwani ikajaa, akawa anataka kuniweka kwenye sanduku la vifaa anichukue. Hili nimelisimulia harusini, misibani na kwenye foleni ya benki, na hakuna aliyewahi kunibishia isipokuwa mke wangu, ambaye husema kila mwaka yule injinia anaongezewa machozi.

Sasa ya jana. Binti yangu ameolewa huko huko Ujerumani, ana mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitano. Ndiye mjukuu wangu wa pekee. Mimi namwita Kamanda. Anaongea Kijerumani tu. Kiswahili chake chote ni neno moja, Babu. Jana kwenye simu ya video alikaa mwenyewe mbele ya kioo akaniambia maneno mengi, marefu, mikono inapanda na kushuka. Sebule yetu ilikuwa imejaa: mke wangu, shemeji yangu ambaye ni mdogo wake, na majirani waliokuja kujikinga na mvua. Wote macho kwangu. Mpwa, ambaye Kijerumani amekisomea chuoni, alikuwa kazini.

Ningefanya nini? Nikacheka kicheko kikubwa, nikasema, "Yaa, yaa! Guut! Zea guut!" Yaani ndiyo, vizuri, vizuri sana. Sebule ikapiga makofi.

Mtoto akanitazama. Mdomo ukaanza kutetemeka. Akashuka kwenye kiti, tukabaki tunatazama ukuta wa nyumba yao.

Baadaye binti akapiga. "Baba, alikuwa anakwambia sungura wake amekufa. Tangu asubuhi amekataa kumwambia mtu mwingine, anasema atamwambia Babu kwanza."

Nikamwambia mtandao ulikuwa unakatakata.

"Mtandao ulikuwa safi," akasema mke wangu, hata kichwa hakugeuza.

Wanakuja Mei, mvua zikielekea mwisho. Mtoto amesema Babu hataki tena kumsikia. Nina mpaka Mei.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa muuza filamu wa pale karibu na duka la dawa. Watu wanamwita Chaneli Kumi. Kibanda kina kompyuta moja, feni isiyozunguka na flashi zimening'inizwa kama vitunguu.

"Nataka za Kijerumani," nikamwambia. "Lakini usinipe za kuanzia. Mimi nilifanya kazi na mainjinia."

"Najua, Mjomba. Yule aliyelia."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Mara ya mwisho ulipokuja kuchaji simu."

Amenipa filamu ya vita. Nimeitazama yote. Vifaru, matope, kelele. Nilichokisikia: haraka, nyuma, lala chini. Nimeyashika vizuri sana, lakini nikimkaribisha nayo mjukuu uwanja wa ndege ataingia chini ya benchi.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Filamu ya mapenzi. Saa nzima mwanamume na mwanamke wanatazama dirisha. Nimeongeza sauti mpaka mwisho nikasikia birika linachemka. Watu wale wakipendana hawasemi.

Jumapili, 10 Machi

Mpwa amekuja kula, akanikuta nikiwa mbele ya filamu nyingine, ya familia moja inayogombea nyumba. Nikamweleza kila kinachosemwa, neno kwa neno. Akanitazama kwa heshima ya kweli. Kisha akasimama mbele ya tivii, makalio yakaziba sehemu ya chini ya kioo, pale yanapopita maandishi ya tafsiri.

"Haya, Mjomba. Sasa anasema nini?"

"Ondoka hapo, sioni."

"Huoni au husikii?"

Mke wangu alicheka mpaka akaweka sahani chini. Watoto wa siku hizi hawana adabu. Mama yake, dada yangu, alikuwa hivyo hivyo. Angekuona umeanguka angekuuliza kwanza kama ulikuwa unatembea.

Alhamisi, 14 Machi

Fundi hashindwi. Nimechukua kipande cha mahameli kilichobaki kwenye kochi la mwanasheria, zambarau nzito, nikakipinda upindo, nikashona vyuma vidogo vya duara kwenye ukingo wa chini ili kisipepee, nikakining'iniza kwa mkanda wa elastiki kuzunguka tivii. Maandishi yote yamezikwa. Kazi safi. Ukiiona utadhani tivii imevaa sketi.

Shemeji ameingia, akatazama. "Shemeji, umeifanyia nini? Imepata hedhi?"

Nimewasha filamu ile ile ya nyumba. Sijaelewa hata salamu.

Jumatatu, 18 Machi

Sijaelewa.

Jumanne, 19 Machi

Sijaelewa, na umeme umekatika.

Jumamosi, 23 Machi

Mpwa anasafiri kikazi, hatakuwepo majuma kadhaa. Kabla ya kuondoka ameniletea katuni ya watoto. Ya panya buku anayejenga daraja.

"Mjomba, anza na hii. Sentensi fupi fupi. Mtoto wa miaka mitano ndivyo anavyoongea."

"Mimi na mvi hizi nitazame panya?"

"Unataka kuongea na nani, na profesa?"

Nimeitazama alipoondoka. Yule panya anaongea kama cherehani iliyoachiwa pedali, halafu wanaimba, halafu kuna bata mwenye mafua. Sijashika hata moja. Katuni ya watoto imenishinda. Hili sitamwambia mtu na nimeirudisha flashi kwenye bahasha yake kana kwamba haijaguswa.

Jumatano, 27 Machi

Siku kubwa! Chaneli Kumi amenipa filamu mpya kutoka kwenye faili lake la Kijerumani. Mjane mmoja ana ng'ombe, shamba lina maji pande zote, kuna jirani mwenye baiskeli anayemtaka. Nimeweka sketi. Na nimesikia! Maneno yanaingia yenyewe. Wanaongea polepole, wanapenda kahawa. Nimeirudia mara mbili bila kuinuka. Nilijua tu kwamba ilikuwa suala la kupata filamu ya hadhi yangu.

Jumanne, 2 Aprili

Mjane tena. Sasa namfuatisha mdomoni. Sentensi yake ya getini naijua yote: karibu, vua viatu, kahawa iko tayari. Nimemfanyia mteja aliyekuja kuchukua kiti chake, akavua viatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika nikiwa na hasira na herufi zinisamehe.

Binti alipiga jioni. Mtoto hakutaka kuja kwenye simu, nikasikia tu mlango ukifungwa. Basi nikaomba mkwe. Mkwe wangu ni mrefu, mkimya, huwa ananiangalia kama mtu anayesubiri basi. Siku zote nimemwona anajivuna. Nikasema leo atanijua. Nikajisafisha koo, sebule ikatulia, nikamshushia sentensi nzima ya mjane, karibu, vua viatu, kahawa iko tayari, na ule mwisho anaouvuta.

Mkwe akamwita mkewe. Nikawasikia wananong'ona. Binti akaja kwenye kioo ameshika mdomo.

"Baba, hicho umekitoa wapi?"

"Kwani kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Ila ni Kiholanzi."

Shemeji ilibidi ashike mwimo wa mlango. "Uwii! Shemeji kaenda nchi jirani! Kapitiliza!" Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi, kwa sababu mke wangu akikuhurumia jua umekwisha.

Nikatoka na mvua yangu mpaka kwa Chaneli Kumi.

"Umenilisha nchi nyingine!"

"Mjomba, tulia. Si wote wanatoka upande ule ule?"

"Wewe ukiagiza kochi nikakuletea kitanda, utakalia?"

Akafikiri. "Lakini ulikielewa?"

"Nilikielewa sana!"

"Basi si hasara yote."

Nilitaka kumpiga kwa feni yake. Nimeshinda siku kumi na mjane, namjua mpaka jina la ng'ombe wake, na si wa kazi yoyote. Tena hata Kiholanzi chenyewe sikujua kama ni Kiholanzi. Mtu aliyefanya kazi na mainjinia.

Jumatatu, 8 Aprili

Chaneli Kumi ameleta mwenyewe flashi mpaka karakana, kuomba radhi. "Hii nimemuuliza mtu wa chuo. Kijerumani asilimia mia." Ni filamu za polisi, nyingi, za mfululizo. Kila moja inaanza kwa maiti: porini, ziwani, ndani ya lifti. Halafu anakuja mkaguzi mzee, mwenye kofia na koti lililochoka kwenye viwiko, ambalo mimi ningelitia kiraka kwa nusu saa.

Nimeona moja. Nimesikia neno moja tu, lakini nimelisikia vizuri: toot. Amekufa. Wanalisema tangu mwanzo mpaka mwisho.

Alhamisi, 11 Aprili

Maiti wa ziwani. Toot.

Ijumaa, 12 Aprili

Maiti wa lifti. Mkaguzi anauliza maswali yale yale kila filamu, na haharakishi. Van? Lini? Voo? Wapi? Na swali refu moja, nimelisikia mpaka limenikaa: nani alimwona mara ya mwisho. Anauliza, anangoja, anauliza tena. Huyu mzee tungeelewana. Sina hakika kama hakupata kufanya kazi kiwandani kwetu.

Mke wangu kapita na ndoo. "Mtoto wa miaka mitano anakuja, wewe unajifunza Kijerumani cha maiti."

"Ndicho kinachosikika."

"Utamuuliza nini, amemuua nani?"

Jumapili, 14 Aprili

Kwenye simu mpwa naye kanisema. Eti niache polisi, nirudi kwa panya. Nimemwambia panya nimemmaliza.

Jumanne, 16 Aprili

Hii itakuwa ndefu.

Nimenunua spika za masikioni, kubwa, zenye sponji nzuri, kwa sababu mvua juu ya bati la karakana inameza sauti. Leo nilikuwa nimezivaa, mkaguzi amesimama kwenye mlango wa nyumba moja, na hapo kuna jambo anafanya kila filamu. Akienda kuwaambia watu wao amekufa, anavua kofia, anaiweka kifuani, anasema maneno manne, halafu ananyamaza. Nilikuwa nayatafuta hayo maneno manne. Narudisha nyuma, nasikiliza. Narudisha, nasikiliza. Es tuut mia laid. Narudisha. Nilijua ni pole, ilionekana kwa uso, lakini nilitaka niyapate kwa sikio.

Nikahisi baridi miguuni. Nikatazama chini. Maji yamefika kwenye vifundo.

Mtaro wa mbele ya karakana ulikuwa umeziba kwa majani na mifuko, na maji yote ya barabara yaliamua kuingia kwangu. Seti ya viti vya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, ambayo nilikuwa nimeimaliza jana, imesimama ndani ya maji. Sponji mpya zilikuwa zinayanyonya kama zimekuja kwa kazi hiyo. Roli ya kitambaa cha kijivu, ile yenye manyoya laini niliyoagizia viti vya watoto, nusu yake imeloa.

Mke wangu alikuwa nje, sketi ameipandisha magotini, anachokoa mtaro kwa koleo. Peke yake. Alikuwa analowa nusu saa nzima, na mimi nikiwa hatua chache ndani, na mgongo nimempa.

Nikavua spika. "Kwa nini hukuniita?"

Akasimama wima. Maji yanamchuruzika puani.

"Nimekuita asubuhi nikakwambia mtaro umeziba. Ukasema yaa. Nimekuita mchana nikakwambia wingu lile si la mchezo. Ukasema guut. Sasa hivi nimekuita mpaka wauza mkaa wa ng'ambo ya barabara wakaitika."

"Nilikuwa nasikiliza—"

"Unasikiliza nini? Kijerumani? Wewe Kiswahili changu chenyewe hujakisikia tangu tuoane! Mtu akifungua mdomo mbele yako, wewe unasubiri anyamaze uanze injinia. Mtoto alikuwa analia kwenye kioo, nakwambia alikuwa *analia*, machozi hayajadondoka tu lakini uso mzima umekunjamana. Mimi sijui neno hata moja la kwao, niliona. Wewe unayekijua ukacheka."

Akanikabidhi koleo, akaingia ndani.

Nimeinua viti vya daktari juu ya meza kimoja kimoja. Nimevua vitambaa vyote, nimekamua sponji mpaka vidole vimekakamaa. Fremu zitanusurika. Nilikuwa na majibu mazuri sana ya kumpa mke wangu, nimeyapanga yote wakati nakamua, na nilipokwenda ndani nilikuta amelala kwa upande wa ukuta. Nimebaki nayo.

Jumatano, 17 Aprili

Hatuongei.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimezibua mtaro mpaka kona ya barabara, hata sehemu isiyo yetu. Mke amepita akasema, "Naona." Ndilo neno pekee.

Jumapili, 21 Aprili

Nimechoka na filamu. Nimefungua ile sketi ya tivii, nimeitupa kwenye kapu la makorokoro. Masikio yangu ni ya kupimia kama springi inalia, hayakuumbwa kwa mambo haya. Mtoto akija nitampa pipi. Pipi haina lugha.

Jumanne, 23 Aprili

Nimerudi kutoka kwa daktari wa meno, ambaye amekubali kungoja, nikamkuta mke wangu sebuleni amekaa mbele ya mkaguzi. Sketi ameirudisha kwenye tivii mwenyewe, na amekaza elastiki vizuri kuliko nilivyoikaza mimi.

"Kaa," akasema. "Na usiniambie kitu."

Nikakaa. Maiti alikuwa mwenye duka la saa. Watu wakawa wanaongea, wanatoa machozi, wanapiga meza. Katikati ya filamu mke wangu akanyoosha kidole. "Yule mdogo wake ndiye."

"Unajuaje? Hajasema kitu!"

"Ndiyo maana."

Alikuwa yeye. Nikaweka nyingine, akampata tena, mwenye bucha. Nikaweka ya tatu, akampata kabla maji hayajachemka jikoni. Mimi na Kijerumani changu nilikuwa nimemkamata mtu wa posta, asiyehusika hata kidogo.

"Wewe unawinda maneno," akaniambia. "Likipita moja unalikimbilia, mengine yote yanakupita. Mtazame mtu. Neno litakukuta pale pale ulipo."

Halafu mkaguzi akasimama mlangoni, akavua kofia, akasema yale maneno manne, akanyamaza. Mke wangu akatikisa kichwa. "Huyu anajua kazi yake. Umemwona? Anangoja."

Nimeziona filamu hizi majuma mawili na sikuwahi kuhesabu ule ukimya kuwa ni sehemu ya mazungumzo.

Jumamosi, 27 Aprili

Maiti wa gereji, na mke. Nimesikia sentensi tatu kamili.

Alhamisi, 2 Mei

Maiti wa kwaya. Sentensi nyingi. Moja ilikuwa ya mzaha na nimecheka mahali pake.

Jumanne, 7 Mei

Wamefika jana. Mvua ndogo.

Uwanja wa ndege nilikuwa nimevaa kofia mpya na nina hotuba kifuani. Kamanda alikuwa nyuma ya mguu wa baba yake. Nikasema sentensi yangu ya kwanza, akaficha uso kwenye suruali. Nikasema ya pili, akazunguka upande wa pili wa mguu. Sasa mkwe, ambaye miaka yote ameambiwa baba mkwe wake ni mtu wa mainjinia, akaniachia Kijerumani chake chote pale pale kwenye maegesho. Loo! Hakuna mkaguzi, hakuna panya, hakuna mjane anayeongea vile. Anakula maneno yote na mifupa yake. Nikatikisa kichwa kwa busara mpaka shingo ikauma.

Mpwa amerudi kutoka safari, yuko hapa anatafsiri kila kitu kwa sauti tamu kama redio. Mtoto anamfuata yeye. Mimi ananiita Babu akiwa ametazama sakafu.

Jumatano, 8 Mei

Nimempa pipi. Akaipokea, akaipeleka kwa mama yake.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua imerudi kwa nguvu. Nyumba imejaa, kila mtu anaongea na mtoto isipokuwa mimi. Nimeomba mpwa amwambie kwamba siku ile sikusikia. Akamwambia. Mtoto akajibu kitu kifupi. "Amesemaje?" Mpwa akasitasita. "Anasema ulisikia, ukacheka."

Miezi miwili nimekaa mbele ya tivii yenye sketi. Nimelipa kwa viti vya daktari. Nimefika hapa nilipoanzia.

Jumamosi, 11 Mei

Mkwe amekuja karakana mwenyewe, bila mkalimani, akaona ninavyohangaika na fremu ya kiti cha nne cha daktari. Akavua saa, akashika upande wa pili wa mkanda wa kubebea sponji, akavuta. Hatukusema kitu. Anavuta vizuri, hapigi kelele, anangoja nikaze ndipo aachie. Nilikuwa nikidhani anajivuna. Kumbe ni mtu asiyeongea akiwa na kazi mkononi. Ningekuwa na fundi wa namna hiyo ningekuwa na karakana mbili.

Jumatano, 15 Mei

Nataka niandike hili kama lilivyokuwa, bila kuongeza.

Asubuhi mvua ilikuwa nyepesi. Nilikuwa karakana nashonea kiti cha mtoto kile kitambaa cha kijivu chenye manyoya, kipande kilichonusurika. Kamanda alikuja mlangoni akasimama. Nikafungua mdomo kumkaribisha, nikaufunga. Nikaendelea kushona.

Akaingia. Akazunguka meza. Akaona kipande cha kitambaa kimeanguka sakafuni, akakiokota, akakipitisha kidole kwenye manyoya, upande mmoja, kisha akakirudisha upande ule ule, kama anajua manyoya yanakolalia. Akakishika kifuani. Sikumtazama mdomo. Nilimtazama uso, na uso ulikuwa ule ule wa kwenye kioo, umekunjamana, haujadondosha kitu.

Akasema kitu kwa sauti ndogo. Maneno kama manne. La mwisho nililijua. Ningelijua hata usingizini.

Toot.

Nikaacha sindano. Nikasimama. Nikavua kofia, nikaiweka kifuani.

"Es tuut mia laid," nikamwambia.

Na nikangoja. Mvua inapiga bati. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, na sikuyasema.

Akanitazama muda mrefu. Akatazama kofia.

"Van?" nikamuuliza. Lini?

Akajibu. Nadhani alisema wakati wa baridi.

"Voo?"

Akaonyesha kwa mkono: chini, kwenye kona, nyasi. Akawa anasema haraka zaidi. Nikamuuliza lile swali refu, nani alimwona mara ya mwisho. Nililisema lote, kwa sauti ya mkaguzi.

"Ish," akasema. Mimi. Akajigusa kifua. "Ish, Babu."

Ndipo machozi yakaanguka. Nikakaa, akaja akasimama katikati ya magoti yangu na kitambaa chake, akaanza kunisimulia tangu mwanzo. Ulikuwa mrefu ule msimulio. Niliokota neno hapa na neno pale: mlango, asubuhi, baridi, mama. Yaliyobaki yote yalipita. Sikusema yaa. Sikusema guut. Kila aliponyamaza, nilinyamaza naye, na kila mara aliendelea.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye kona ya mlango na kikombe cha chai. Sijui tangu lini. Alikiweka juu ya cherehani akaondoka kwa vidole vya miguu.

Mezani shemeji akaanza. "Shemeji, tumeona mmejifungia. Kakwambia nini? Hebu tupe hadithi!" Wote wakageuka: binti, mkwe, mpwa na uma wake hewani. Hadithi nilikuwa nayo, ya kushinda ile ya injinia mara kumi, na yenye machozi ya kweli. Nilihisi inapanda kooni.

"Ni mambo yetu," nikasema, nikaomba chumvi.

Alhamisi, 16 Mei

Mpwa anataka kujua ni filamu ipi hasa iliyonisaidia, awaambie wenzake wanaojifunza. Nimemwambia: zile alizonikataza. Ameandika.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imekatika. Viti vya daktari vimeondoka.

Kamanda amekuja karakana tena leo, amevaa kofia yangu mpaka puani, akakaa juu ya roli ya sponji, akaniambia habari nyingine ndefu, nadhani ya baiskeli, au ya farasi. Sijaelewa. Nimesikiliza yote mpaka mwisho.